Shikamoo Peke Yake Haitoshi

Shuleni, Kinampanda
18 Februari 2024

Mama Mdogo Agripina,

Shikamoo. Nimeacha mstari mtupu hapa chini ili uweke marahaba yako, ndipo niendelee.

. . . . . . . . . . . . . . .

Asante. Mimi ni mzima, mafua tu. Mahindi ya shule yamenifika kiunoni na tunayapalilia kila jioni. Bibi nilimwota anachambua mlenda, nikaamka na njaa. Mama nilimwacha salama pale Unyambwa. Matroni wetu, Mwalimu Magreth, husoma barua zote kabla hazijatoka, kwa hiyo na yeye shikamoo yake nampa hapahapa.

Sasa lililonifanya nikae kuandika. Kila Jumamosi Mama Sikudhani, mpishi wetu, anafungua redio jikoni kwa ajili ya kipindi chako cha "Leo Kijijini". Mimi hukaa juu ya kuni nasikiliza. Hakuna anayejua kwamba wewe ni mama yangu mdogo. Nakiri, sijamwambia mtu. Siyo kwamba naona aibu. Ukisema "mimi ni Agripina, nipo hapa na wananchi," napata kama baridi mgongoni, na nikisema wewe ni wetu wataniambia na mimi niongee, na unajua mimi kuongea mbele za watu ni bora niteke maji ya shule nzima.

Jumamosi ya pili hii wanapiga muziki tu. Mama Sikudhani kasema, "Labda yule dada kaolewa." Umeolewa?

Jambo jingine. Mwalimu kaweka jina langu kwenye mdahalo. Mada: Serikali ndiyo yenye wajibu wa kwanza wa kulinda waandishi wa habari. Nimepangwa upande wa kupinga, yaani niseme siyo serikali, ni watu wengine. Na ni kwa Kiingereza, na ukiteleza ukasema Kiswahili unavalishwa kibao shingoni. Naomba hoja. Naomba pia maombi.

Mwanao,
Eliana


Mandewa, Singida
3 Machi 2024

Eliana binti wa dada yangu,

Marahaba. Mstari wako nimeujaza huku, niamini. Sijaolewa, mwambie Mama Sikudhani aniombee.

Ukiona mwandiko umependeza, ni wa Rahma, yule binti wa duka la vitambaa hapa jirani. Mimi nasema, yeye anaandika, maana mikono yangu imejaa unga. Rahma anakusalimia, anasema uje akupimie sketi.

Bibi yako anaendelea vizuri, anagombana na kuku. Mvua huku zimetosha, barabara ya kuja kwangu imekuwa mto, bata wa jirani wanapita mbele ya mlango kama wenye nyumba.

Hoja unataka? Nitakupa kisa badala yake. Nilikwenda kijiji kimoja cha huko huko Iramba. Kwa kuwa Mwalimu Magreth anasoma (shikamoo mwalimu), nitakiita Penye Kisima. Kisima kilizinduliwa kwa ngoma na utepe, na kabla utepe haujachakaa bomba likakauka. Kina mama wanafukua maji kwenye mchanga wa mto kama zamani. Siku ya mkutano wa kijiji nikasogeza kinasa sauti mdomoni mwa bomba, nikafungua. Fyuuuu! Hewa tupu. Nikasema moyoni, hii ndiyo habari, sihitaji kuongeza neno.

Mtendaji wa kijiji akapiga kelele, "Zima hicho kidude! Mgambo, mfundisheni adabu!" Mgambo wa kwanza kufika alikuwa mzee, Mzee Calist, kavaa koti la mgambo juu ya kanzu, na fimbo keshaiinua. Eliana, sikufikiri. Magoti yenyewe yalikunjika. "Shikamoo baba." Na yeye, fimbo iko juu, akajibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Ukishamwitikia mtu marahaba utampigaje? Fimbo ikabaki hewani kama imesahau ilichotumwa. Watu wakacheka, hata yeye akacheka.

Hicho ndicho kisa. Kinasa sauti kilibaki kule, ndiyo maana redioni wamenipumzisha kidogo. Kitumie kwenye mdahalo ukitaka.

Kula vizuri.
Mama yako mdogo


Shuleni, Kinampanda
14 Aprili 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mstari wako wa marahaba huu hapa.

. . . . . . . . . . . . . . .

Tulishinda! Subiri nikueleze. Nilisimama. Nilianza kusimulia kisa chako kwa Kiingereza, nikafika kwenye shikamoo, nikatafuta neno lake. Hakuna, Mama Mdogo! Wenzetu hawana. Ukumbi mzima unanitazama, na kibao kiko mezani kinanisubiri. Basi nikapiga magoti palepale jukwaani, nikasema "Shikamoo baba" kwa sauti yako ile ya redioni. Ukumbi ulilipuka. Nikamalizia kwamba kwetu mwandishi analindwa na adabu ya watu, nchi yenye adabu haihitaji askari wa kumlinda mtu anayeuliza maswali. Kibao nilivalishwa lakini nilikivaa kama nishani. Na kwa mara ya kwanza nikasema, "Huyo ni mama yangu mdogo." Mama Sikudhani kanipa ukoko bure tangu siku hiyo.

Sasa mengine. Likizo ya Pasaka nilikwenda nyumbani Unyambwa, nikakuta mbuzi amefungwa kwenye mpapai, mweupe, sikio moja jeusi. Nikamuuliza Mama, "Wa nani?" Akasema, "Wa mgeni." Nikauliza, "Tutamchinja Pasaka?" Mama akaingia ndani. Tukala wali na maharage, na mbuzi anatutazama. Baba naye akawa anazungumzia bei ya alizeti tu, mtu ambaye hata shamba la alizeti mwaka huu hakulima.

Nikasema nije kukuona. Mama akasema upo Dodoma. Nikapita dukani kwa Rahma, nikamuuliza, akaniambia, "Amelala," halafu hapohapo, "Yaani amesafiri."

Mama Mdogo, mimi ni mwoga ila siyo mjinga. Huo unga gani haunawiki tangu Machi?

Eliana


Mandewa
5 Mei 2024

Eliana,

Marahaba.

Herufi hizi mbaya ni za mkono wangu wa kushoto. Nimeandika tangu asubuhi, usinicheke. Rahma nimemwambia hii siyo ya kwake. Na kwa Mwalimu Magreth: mwalimu, ninakuomba umpe mtoto barua hii yote ilivyo.

Bibi hajambo. Wote hawajambo. Salamu zimeisha.

Kisa nilichokupa ni cha kweli lakini ni nusu. Nyuma ya Mzee Calist alikuwepo mgambo mwingine, Simeoni. Kijana wa rika langu kabisa. Kwa mtu wa rika lako huna shikamoo, Eliana. Nilimwambia kile tunachoambiana, "Kaka, mambo?" Hakujibu. Alipiga mkono uliokuwa na kinasa sauti. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Wakanifungia ofisi ya kijiji mpaka jua linazama, na watu waliokuwa wanacheka wakaondoka mmoja mmoja wanatazama chini. Nimewekwa chuma kwenye kifundo cha mkono. Pasaka nilikuwa nimelala hospitali. Rahma hakukudanganya, alichanganyikiwa tu.

Nilikwenda kushtaki. Askari wa zamu akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, haya ni ya kuongea nyumbani. Wale ni wazee wako." Na baada ya siku chache kikaja kikundi kutoka Penye Kisima kwa mama yako, na mbuzi wa suluhu. Unajua maana yake. Tukimla, tumesema yamekwisha. Mama yako alimpokea. Usimlaumu. Mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, alinibeba mgongoni, anataka nikae duka la vitambaa na Rahma mpaka nizeeke.

Nimekataa kumla. Ninakuandikia sababu, kwa kuwa wewe ulisimama na kisa changu mbele ya watu, na uliposhinda kwa nusu ile, aliyekuficha nusu nyingine ni mimi. Nilijionea aibu. Nilitaka unione nikiwa nimesimama.

Simeoni sina ugomvi naye. Hanijui. Alitumwa na ofisi, ofisi yenye bendera mlangoni. Ofisi ikinivunja mkono, haiwezi kunilipa mbuzi, kwa sababu mbuzi ni wa mtu na mtu. Na hata angekuwa mhuni tu wa njiani, bado mlango wa kwanza wa kubisha ulikuwa ni wa serikali, nao ulipaswa kufunguka. Adabu ni nzuri, iliniokoa na fimbo moja. Fimbo ya pili haikuwa na mzee. Ndiyo maana kuna sheria, zimlinde mwenye kuuliza hata pale ambapo hana wa kumwamkia.

Nimekwenda wilayani na mhariri wangu na wakili. Nimeomba jambo moja: nirudi Penye Kisima kumaliza kazi, na serikali iseme hadharani kwamba usalama wangu ni juu yake. Kwenye kipaza sauti. Wasiposema, siendi, na redio nayo basi.

Mkono umechoka.
Agripina


Shuleni
12 Mei 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Leo sijaacha mstari, jibu moyoni.

Matroni alinipa barua yako mkononi mwenyewe. Haijakatwa hata neno. Alisema tu, "Isome ukiwa umekaa."

Nimesoma. Nikaenda kwa mwalimu wa mdahalo kumwambia tulishinda kimakosa. Akacheka, akasema mdahalo ni mchezo. Mimi sikucheka.

Nakiri jingine. Mama alipokuja kunitembelea alinishika mikono miwili, akasema, "Wewe anakupenda kuliko sisi wote. Mwandikie aache. Mwambie atatuua kwa wasiwasi." Nikaahidi. Nimeandika barua hiyo, nikaichana. Nikaandika nyingine, nikaichana. Hii ndiyo iliyobaki, na haina neno hilo.

Naogopa, Mama Mdogo. Naogopa urudi kule, na naogopa usirudi.

Mbuzi bado yupo? Mama anasema amevimba tumbo, anadhani kala mfuko wa nailoni.

E.


Mandewa
26 Mei 2024

Eliana mwanangu,

Marahaba, mbili, na ya moyoni.

Wilayani wamejibu. Kesi imefunguliwa, mtendaji amesimamishwa wakati wanachunguza. Mkutano wa kijiji utaitishwa Alhamisi ya tarehe 13 Juni, mtakuwa mmefunga shule. Kuhusu kipaza sauti, wamesema "tutaona", nami nimeamua nikaone.

Kifundo changu bado hakiwezi kushika kinasa sauti kwa muda mrefu. Nahitaji mkono. Huhitaji kusema kitu chochote, kushika tu. Ukikataa nitaelewa, na sitamwambia mtu.

Tumbo la mbuzi siyo nailoni. Amezaa. Kwa hiyo tunarudisha wawili.

A.


Unyambwa
16 Juni 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Utashangaa kupata barua wakati nakaa mwendo wa bodaboda kutoka kwako, na Alhamisi tulikuwa pamoja kutwa nzima. Lakini nilikaa kutwa nzima sikusema neno, ulisikia mwenyewe. Ulimi wangu uko kwenye kalamu. Rahma atakuletea.

. . . . . . . . . . . . . . .

Nianze na Mama, maana hukuyaona ya hapa. Asubuhi ile alimfungua mbuzi mwenyewe. Akamkumbatia yule mtoto mchanga kifuani, akampangusa na kanga, akaniambia, "Mwambie mdogo wangu sijamla. Niliogopa lakini sijamla." Halafu akageuka haraka akawafukuza kuku ambao hawakuwa na kosa lolote.

Tulipofika Penye Kisima nilikuwa najiambia, shika tu, shika tu. Watu wamejaa, wengine kwenye mawe, na upepo wa Juni unapeperusha vumbi machoni. Uliniambia Simeoni hajafika. Ukanionyesha Mzee Calist, hana koti la mgambo siku hiyo, kanzu tu. Ulimwendea ukapiga magoti, chuma mkononi, ukasema shikamoo, naye akaitikia, macho yake yamejaa maji. Ukamkabidhi kamba, ukasema, "Baba, huyu arudi kwa mwenyewe."

Akasema, "Mwenyewe ni mimi."

Nilitazama uso wako. Hukujua. Hata wewe hukujua! Akaeleza taratibu, kama mtu anayeokota punje. Kwamba watu wa ofisi ya kijiji walimtoa mbuzi wake zizini kwa sababu fimbo yake haikushuka. Wakamwambia, "Kwa kuwa ulijifanya baba yake, basi mlipie." Na mtu akampigia kelele kutoka kwenye mawe, "Sasa Mzee Calist, umemtoa mmoja wamerudi wawili, adabu inalipa!" Watu wakacheka, na mimi nilicheka, halafu nikamtazama mbuzi. Mama Mdogo, tungemla. Ile Pasaka mimi nilitaka tumle.

Halafu yule afisa wa wilayani akasimama. Nilidhani ataongelea maendeleo. Akashika kipaza sauti, kikalia mluzi, akakipuliza, akasema, "Mwandishi huyu yuko hapa kwa haki yake na kwa haki yenu. Aliumizwa kwa amri ya ofisi yetu. Usalama wake, leo na akirudi kesho, ni juu ya serikali." Akarudia, kwa sababu upepo ulichukua maneno ya mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja jirani yangu alimuuliza mwenzake kwa Kinyiramba, mwenzake akamfasiria, naye akasema, "Heee," taratibu sana, kama aliyeona mvua inatembea kwa miguu. Najua ni maneno tu. Najua kesi bado, na Simeoni hajaitwa. Lakini sijawahi kusikia serikali ikisema "amri ya ofisi yetu". Nilikuwa nadhani serikali ni kitu kinachosema "ninyi".

Ukasema, "Eliana, twende bombani."

Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Yule askari wa kike aliyekuja nasi, ulimwona kila saa, mimi nilimwona mara hiyo. Tulivyosogea bombani watu nao wakasogea, wakabana, na vijana kadhaa nyuma wakaanza kupiga miluzi. Askari akaja akasimama katikati yetu na watu. Akatupa mgongo. Nimelelewa kwamba kumpa mtu mgongo ni dharau, Mama hunifinya kwa hilo. Kwa hiyo nilichanganyikiwa, nikafanya kile ninachojua kufanya mbele ya mkubwa. Nikauambia ule mgongo, "Shikamoo."

Nikaona labda nimekosea.

Halafu bila kugeuka, macho yake kwa watu, akasema, "Marahaba mwanangu. Fanyeni kazi yenu."

Ulifungua bomba. Fyuuuu. Hewa, ileile. Kijiji kizima kinasikiliza hewa, afisa anasikiliza, upepo wenyewe ulikuwa kama umepisha. Ulikuwa unanitazama kuona kama nitaangusha kinasa sauti. Sikuangusha. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kushangaa.

Jana Jumamosi tumekusikiliza nyumbani, Baba kazima simu, Mama kafunga mlango kwa ajili ya upepo. Ulipoacha bomba liseme, niliisikia na sauti nyingine ndogo kwa nyuma, wengine hawakuisikia. "Marahaba mwanangu. Fanyeni kazi yenu." Mama akauliza nacheka nini. Nikamwambia. Niliongea mpaka chai ikapoa.

Mwanao,
Eliana